Huyu Mwanamke Sitamvua Nguo

Mheshimiwa mwakilishi wa commune yetu ya Makiso, Mheshimiwa Padri uliyetukopesha jumba hili na viti vyake, Papa Nzanzu mfadhili wetu, Ndugu Trésor rais wa klabu, akina mama na akina papa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Kama kuna niliyemruka, anisamehe, sikumdharau.

Protocole imenipa dakika tano. Nimeombwa niseme asante kama mchoraji wa mchezo huu, nipigiwe makofi, nikae. Bon, asante nitasema, lakini kukaa bado. Na kama umeme wa Tshopo utatuacha hapa katikati, msisumbuke na mikro. Sauti ninayo.

Wengi mnanijua. Mimi ni Viviane, mchora vibao vya maduka. Ukiona salon ya kusuka, farmasi au malewa ya kulia chakula hapa mjini, na chini ya picha pameandikwa namba ya telefoni inayoishia na sifuri tatu, ujue mkono wangu ulipita hapo. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii. Sikusomea. Nilianza kwa kupaka kichwa cha mwanaume kwenye ukuta wa kinyozi, na mwenye kinyozi akasema kinafanana na papa yake, basi akanilisha.

Sasa, Mheshimiwa Padri, najua umejiuliza ni mchezo gani huu tunaouzindua. Si mpira, si karata. Watu watano au sita wanaizunguka meza. Mmoja anasimulia: mko kwenye mto, mbele kuna maporomoko, nyuma kuna joka. Wengine, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, wanasema watafanya nini, kisha dadu inaamua kama wamefaulu. Kwa hiyo mtoto wa commune ya Mangobo anaweza kuwa malkia kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, halafu akarudi nyumbani kuosha vyombo. Vijana wetu walicheza michezo ya namna hiyo ya watu wa mbali kwa miaka minne, kisha wakaunda wa kwao: *Falme za Mto*. Walipoumaliza wakaja kwangu, wakaniambia: “Mama Viviane, tuchoree watu wake.”

Nitakiri kosa langu kwanza, ili nisionekane mtakatifu. Vijana walinitumia picha za mifano kwenye telefoni, nami nikazifuata. Mpiganaji wa kwanza wa kike niliyemchora, nilimvika vikombe viwili vya chuma kifuani, kamba kiunoni, na viatu virefu. Tumbo nje, mapaja nje. Nikamng'arisha kama amepakwa mawese. Nilijisifu, nikamwonyesha binti yangu Précieuse, ambaye ana miaka kumi na saba na ulimi wa miaka sitini. Akaangalia. Akaniuliza:

“Mama, huyu bibi iko anakwenda mu vita ama iko anakwenda kuoga?”

Nilimfukuza jikoni, nawaambia ukweli. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuja hapa klabuni, nikakaa pembeni na daftari langu, nikahesabu. Wasichana walikuwa kumi na mmoja. Karatasi za wahusika zilikuwa mezani, za kike na za kiume, na kila mtu alikuwa huru kuchagua. Mnajua wasichana wangapi walichagua mhusika wa kike? Hakuna. Hata mmoja! Wote kumi na mmoja walikuwa wanaume, na mapanga yao na ndevu zao. Nilimuuliza mmoja sababu, akaniambia bila kuinua kichwa: “Ule mwanamuke wa kwa karatasi, batamuangalia tu. Miye nataka kupigana.”

Ndugu zangu, jambo hilo liliniuma. Mchezo ambao unakuruhusu kuwa kitu chochote duniani, na msichana anaona ni afadhali aache kuwa mwanamke kwanza ndipo aanze kucheza! Na aliyemfukuza ni nani? Ni mimi, na brashi yangu.

Nikaenda kwa jirani yangu anayechomelea milango ya chuma. Nikamwonyesha kile kifua cha vikombe viwili. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema: “Mama, mukuki ikigonga hapa, itateleza. Itateleza kwenda wapi? Hapa katikati. Kwa roho. Hii chuma haimulinde, inaonyesha adui njia.”

Basi nikachana ile picha, nikaanza upya. Na hapo ndipo mjadala ulipoanza, mjadala wa wiki tatu, kwenye simu na kwenye meza hii hii. Ndugu Trésor, rais wangu, kijana ninayempenda na mwenye kichwa chepesi kwa hesabu za dadu, aliniambia mtindo wangu ni wa salon de coiffure. Rangi bapa, mstari mweusi pembeni, macho yanakutazama. Alitaka mtindo wa kompyuta, wa moshi na mng'aro. Nilimjibu, na leo namjibu mbele ya watu: ndiyo, ni wa salon. Ni mtindo ambao mama asiyejua kusoma akiuona kutoka ng'ambo ya barabara anajua humo ndani wanasuka, wala hawauzi dawa. Mtindo unaoeleweka kutoka ng'ambo ya barabara si wa kuonea haya.

Akina mama wa kundi moja la sala nao walinijia, kwa upole. Walitaka mpiganaji awe na gauni la kufika chini, apige magoti, panga liwe pembeni. Niliwauliza: gauni la kufika chini, ndani ya pirogue, mtumbwi wetu huu, na joka nyuma? Si litamwangusha majini kabla joka halijafika? Tulicheka pamoja, lakini sikukubali. Msidhani mimi ni adui wa mwili. Mwanamke akiogelea, namchora anaogelea. Akinyonyesha, namchora ananyonyesha, na ziwa lake nalichora. Swali langu ni moja tu kwa kila mtu niliyemchora, mwanaume au mwanamke: unafanya kazi gani hapa? Kisha namvisha nguo ya kazi hiyo.

Na mwanamke wa kwetu anayekwenda kupambana anavaa nini? Kiswahili kilishajibu kabla mimi sijazaliwa. Wenzetu wa pwani wanasema mtu *amejifunga kibwebwe*. Sisi hapa tunasema *amefunga kikwembe*. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Ukimkuta mama sokoni amekasirika kweli, anafanya nini kwanza? Anavua? Hapana. Anachukua kikwembe cha pili, anakizungusha kiunoni, anakikaza, na hapo wenye akili wanaanza kukusanya mizigo yao. Mwanamke wetu akienda vitani anaongeza nguo, hapunguzi. Lugha nzima inajua hivyo. Sisi tulitaka kuisahihisha kwa sababu ya picha za kwenye telefoni?

Kwa hiyo nikachora huyu mnayemwona kwenye boksi hapa mbele: mwanamke wa makamo, mabega mapana, blauzi ya kazi, vikwembe viwili, kafi mkononi, kovu kwenye mkono wa kushoto. Maboksi mia moja ya kwanza yametoka na sura yake. Na Jumamosi iliyopita nilikuja tena na daftari langu. Wasichana walikuwa kumi na wanne. Tisa walimchagua yeye. Wawili karibu wapigane kwa ajili ya karatasi yake, na mmoja wao ni wa kwangu.

Sasa nifike kwa Papa Nzanzu. Papa, simama kidogo watu wakuone. Huyu, ndugu wageni, ndiye aliyetoa karatasi na katoni, na lori lake ndilo lililoleta. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake haukuwa mtupu. Bila yeye mchezo huu ungekuwa bado maneno ya vijana. Hakosi misa, binti zake wamelelewa vizuri, na dukani kwake hata mtoto anapimiwa haki. Nakushukuru, Papa, kutoka moyoni, wala sikudhihaki. Kaa.

Lakini siku ya Alhamisi Papa Nzanzu na kamati ya klabu walikutana kuhusu maboksi elfu moja yanayofuata. Mimi sikuitwa. Nililetewa uamuzi tu. Uamuzi unasema: mchoraji amtoe yule mwanamke blauzi, amtoe kikwembe cha pili, amrudishie kifua cha chuma, ampunguzie miaka ishirini na kilo ishirini, na picha mpya ifike Jumatatu asubuhi. Nilimpigia Papa nikauliza kwa nini. Alinijibu kwa adabu yake yote:

“Mama Viviane, uko muchoraji wa muzuri. Mais huyu iko mama wa chorale, wa kuimba mu kanisa. Haiko mupiganaji. Batu hawatauza… hawatanunua mama wa chorale.”

Papa, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na nikuulize mbele ya hadhara hii: hiyo picha unayoitaka, ungeitundika mbele ya duka lako, mama watoto akiwa ameketi kwa comptoir akipokea pesa? Ndugu Trésor, ungempa dada yako mdogo karatasi hiyo, umwambie, “Huyu ni wewe, cheza”?

Basi jibu langu la Jumatatu nalitoa leo. Ni hapana. Sitampunguzia mwaka wala kilo. Mnaweza kutafuta mchoraji mwingine, mji huu unao, tena wazuri, na mtu anayetafuta chakula cha watoto sitamkasirikia. Lakini mkifanya hivyo, mfute na jina langu na namba yangu ya telefoni, na mtafute mwanamke mwingine wa kumvua. Huyu hapana.

Kuna jambo sikuwaambia wakati wa mjadala, kwa sababu nilitaka mshindane na picha, msishindane na damu yangu. Huyu mwanamke si wa kubuni.

Mwaka wa elfu mbili, zile siku sita ambazo majeshi ya wageni yalirushiana mabomu juu ya vichwa vyetu, mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimelala chini ya kitanda na wadogo zangu wanne. Mama yangu ni mtu wa Yanonge, muuza samaki, pirogue ni miguu yake. Alikuja akatutoa chini ya kitanda mmoja mmoja. Alifunga kikwembe cha pili, akatuvusha mto mpaka Lubunga, ng'ambo ya pili. Kisha akageuka. Tulimlilia asirudi, akatuambia tunyamaze, kuna watoto wa wengine bado. Alirudi mara tisa. Kipande cha chuma kilimchana mkono wa kushoto mara ya sita, akaufunga kwa kitambaa cha kichwa, akavuta kafi mara tatu zaidi. Hakuwa na umbo la kwenye telefoni. Alikuwa mnene, alikuwa na hofu, na kila Jumapili aliimba katika chorale, ndiyo Papa, upande wa sauti za chini.

Nilipomaliza picha nilimpelekea. Aliishika, akasema: “Mukono iko yangu. Mais kikwembe umeifunga mubaya. Hii fundo iko ya kwenda misa. Ukivuta kafi, itafunguka.” Nikarudi nyumbani nikalipaka fundo upya. Huyo ndiye mtu pekee ambaye namkubalia anisahihishe picha hii, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya pirogue.

Papa Nzanzu, ulitaka tumtoe blauzi na kikwembe, tumwonyeshe kwa watu elfu moja. Mwenyewe yuko hapa. Ameketi mstari wa tatu, karibu na nguzo, mama mwenye kitambaa cha kijani. Mama Générose, mama yangu, inuka tafadhali. Taratibu, usiache fimbo.

Papa, ndiye huyo. Mimi nimekataa kumwambia avue. Ombi ni lako, mwambie wewe.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze, tumsikilize Papa.