Sikio Jipya la Jaji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali kwa sababu seremala alikata mitatu sawa na wa nne akakata akiwa anaongea. Kushoto yupo Shangazi muuza kahawa, na jiko lake la mkaa, birika, na ndoo ya kusuuzia vikombe. Kulia ipo meza ya fundi saa, yenye kioo juu na saa zilizosimama chini ya kioo. Kinyozi, ambaye wote humwita Profesa kwa kuwa redio yake haizimwi, hutoka nje kila anapokosa mteja, na wateja anawakosa sana. Kamanda, mlinzi mstaafu wa ghala, hukaa ukingoni mwa benchi ili aone barabara pande zote mbili. Na yule fundi saa ndiye Jaji. Tangu apewe cheo hicho, hakuna ubishi uliofungwa pale bila yeye kusema neno.

Na neno lilikuwa moja tu: "Inategemea."

Siri ya neno hilo aliijua Jaji peke yake, au ndivyo alivyodhani. Miaka miwili nyuma masikio yake yalianza kumtupa mkono. Kwanza zilipotea sauti za saa, kisha za wanawake, mwisho zikapotea za kila mtu asiyefoka. Aliona aibu. Fundi saa asiyesikia saa atamwambia nini mteja? Basi siku moja Profesa akamuuliza jambo refu, Jaji hakupata hata nusu yake. Akanywa funda la kahawa, akaangalia mbali, akasema, "Inategemea." Kamanda akatikisa kichwa taratibu kwa heshima, na tangu hapo cheo kikamganda.

Sasa, mwisho wa juma lililopita binti yake alikuja kusalimia, akatoa mkobani kiboksi kidogo. Ndani mlikuwa na kifaa chenye ukubwa wa punje ya haragwe, cha kukaa nyuma ya sikio, na kijimrija chembamba cha kuingia ndani.

— Ni kipya hiki, baba. Kina kompyuta ndani yake.

— Na akivae, alisema mke wake. Mimi nimechoka kumwita kwa kumrushia ndala.

Leo asubuhi alikivaa, na juu yake akavaa kofia ya sufu, akaivuta mpaka shingoni, katika jua la kuchoma utosi. Hofu yake ilikuwa moja: wakijua kwamba alikuwa hasikii, hukumu zote za miaka miwili zitafumuka siku moja, naye atarudi kuwa mzee wa kawaida mwenye meza ya saa.

Jambo la kwanza alilosikia ni Kamanda akinywa kahawa. Alikuwa anaivuta kwa mlio mrefu wenye kona katikati. Miaka miwili yote Jaji alikuwa anampenda mtu huyu bila kujua kwamba anakunywa namna ile.

— Nimesikia redioni, Profesa alianza huku akijifuta sabuni mikononi. Kuna friji mpya inayojua kilichomo ndani yake.

— Hata mimi najua kilichomo ndani ya yangu, alisema Kamanda. Hamna kitu.

— Hii inaagiza yenyewe, Kamanda. Maziwa yakikaribia kwisha, inampigia simu muuza maziwa.

— Akiuliza "nani mwenzangu"?

— Inajitambulisha. Inasema mimi ni friji ya kwa kinyozi.

— Na mimi nikila nyama waliyowekewa watoto, itampigia mke wangu?

— Hiyo nayo imo.

— Basi hapo ndipo maisha ya binadamu yatakapokuwa bora, alisema Shangazi, akapuliza mkaa.

Jaji aliinama juu ya meza yake, akajifanya anatafuta skrubu. Maneno yote yalikuwa yanamfikia, moja moja, safi. Alingoja ile sehemu yenye maana, ambayo kwa miaka miwili alikuwa na hakika kwamba inampita.

— Friji ni utoto, Profesa aliendelea. Kinachokuja ni kioo cha kinyozi. Mteja anakaa, kioo kinamtazama. Mimi nikiwa kwenye kidevu, kioo kinasema figo ya kushoto imechoka.

— Na kama nimekuja kunyoa tu?

— Unanyolewa na unatibiwa hapohapo. Mimi nitavaa koti jeupe.

— Wewe uliyemkata mtu sikio mwezi wa tatu?

— Lile sikio lilisogea.

Kamanda aliweka kikombe chini. Aliposema tena aliteremsha sauti, kama watu wanavyoteremsha wakitaka wasikilizwe zaidi.

— Achaneni na friji na vioo. Kitu kikubwa ni kile kidude cha sikioni.

Bisibisi ilimtoka Jaji mkononi, ikaanguka juu ya kioo cha meza. Alishtuka, maana mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyoukumbuka.

— Kinaingia sikioni, kidogo hivi, alisema Kamanda. Mtu anakuja na lugha yake usiyoijua, wewe unapata ya kwako.

— Hicho nakijua, alidakia Profesa. Na wanakipeleka mbele. Baada ya watu, wanyama. Utamsikia mbuzi.

— Mbuzi ana nini cha kusema?

— Si ndiyo tutajua.

— Na baada ya mbuzi, mawazo. Umekaa na mtu, kidude kinachota yaliyomo kichwani mwako, wewe unajua mnapiga soga. Sikilizeni, nimelinda ghala miaka thelathini na moja. Mtu mwenye kitu sikioni si wa kuchekewa. Ukimwona amekaa, ujue yuko kazini.

Jaji aliishika kofia kwa mikono miwili akazidi kuivuta. Kifaa kilipobanwa, kikapiga filimbi nyembamba, kali.

— Mmesikia hiyo? Kamanda aliuliza.

— Birika, alisema Profesa.

— Birika langu halijapiga filimbi hata siku moja, alisema Shangazi, na alimwangalia Jaji, si birika.

Kamanda aliinama kukagua chini ya benchi. Akakagua nyuma ya tofali. Akainua mfuniko wa ndoo ya vikombe. Kila Jaji alipobana kofia ili kile kitu kinyamaze, kilizidi. Alipokata tamaa akaachia mikono, nacho kikatulia chenyewe, na jasho likawa linamtiririka mpaka kwenye nyusi.

— Limeondoka, Kamanda alitangaza, akakaa.

— Sasa ngojeni niwape la mwisho, alisema Profesa, na hapa namtaka Jaji mwenyewe. Wanatengeneza viungo. Jicho likichoka, unapewa jipya. Goti jipya, moyo mpya, ini jipya. Mtu habadilishwi siku moja. Anabadilishwa kidogokidogo mpaka hakuna cha zamani kilichobaki. Swali: mke aliyemwoa yule wa kwanza, analazimika kumpikia huyu?

— Alazimike kwa lipi? alisema Kamanda. Huyo ni mgeni. Mimi nisingemfungulia geti.

— Na akija na cheti cha ndoa?

— Cheti ni cha yule aliyekwisha pungua.

— Jaji, tukatie shauri.

Wote walimgeukia. Jaji akachukua kikombe chake kama kawaida, akanywa funda, akaangalia mbali. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini mara hii alikuwa amelisikia swali lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kicheko kikampanda kutoka tumboni, kahawa ikamtokea puani.

— Jaji anacheka, alisema Profesa, uso umemshuka.

— Samahani. Kwani kila siku mnaongea hivi?

— Hivi vipi?

Hakupata nafasi ya kujibu, na alishukuru. Muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili alikuwa amesimama mbele ya meza, bado na sare yake, saa ya kubandika kifuani ikiwa mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, waliitikia.

— Fundi, hii ni mara ya tatu. Mara zote mbili uliiweka sikioni ukaniambia inatembea. Mimi naitumia kuhesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa. Leo asubuhi nimempima baba mmoja mzima kabisa, amekuja kumsindikiza mkewe. Mapigo mia na sitini. Tumemlaza kwa nguvu, analia anataka kwenda kazini. Kumbe saa inasimama, inapumzika, halafu inaendelea.

Profesa alicheka. Muuguzi hakucheka, na Jaji hakuweza. Mara zote mbili aliiweka saa ile sikioni na hakusikia kitu. Alimdanganya binti wa watu mchana kweupe, na sasa kuna mtu amefungiwa kitandani kwa sababu ya aibu yake. Leo akisema tena "inatembea", kesho ni mgonjwa wa kweli, mwenye moyo wa polepole, atakayeambiwa ni mzima.

Aliipokea saa. Akaangalia benchi, Kamanda hasa. Halafu akavua kofia, akaiweka mezani, na mbele ya macho ya wote akaisogeza saa mpaka nyuma ya sikio, pale kilipokaa kile kifaa.

Ikasikika. Ndogo, kavu, karibu kabisa. Ilikwenda sita, ikakwama, ikavuta pumzi, ikaendelea. Kwa miaka miwili hakuwa ameisikia sauti iliyomlisha maisha yake yote, naye akaisikiliza mzunguko mwingine kwa raha tu.

— Inachechemea, alisema. Kuna jino la gurudumu limelika. Nisamehe, mwanangu. Kesho mchana utaipata, na nitakuapia kwamba ni nzima.

Kamanda alikuwa amekwisha simama.

— Kitu sikioni. Niliwaambia mimi.

— Ni cha kusikilizia, Kamanda. Sisikii. Miaka miwili sasa.

— Miaka miwili?

— Na ushei.

Watu waliokaa pale walianza kupiga hesabu, kila mmoja ya kwake, na nyuso zao zilionyesha inakofikia.

— Ngoja, alisema Kamanda. Mwaka jana nilikuuliza kama nipatane na ndugu yangu. Ukasema inategemea. Nikakaa siku tatu silali, najiuliza inategemea nini. Nikaona inanitegemea mimi. Nikaenda, tukapatana.

— Basi si ni heri.

— Heri gani? Sasa anakuja kwangu kila Jumapili na mkewe.

— Mimi nilikuuliza kama kompyuta zitatumaliza, alisema Profesa. Nimewaambia wateja wangu wote kwamba kuna mtaalamu mmoja anasema inategemea. Wamekuamini. Kuna mmoja ameacha kufuga ndevu kwa ajili yako.

— Kwa nini ndevu?

— Sijui, lakini alikuwa na uchungu.

Jaji aliinamisha kichwa, akapokea yote. Yalimuuma, lakini sikio lake lilikuwa likiyapokea vizuri ajabu, hata akajikuta anasikiliza sauti kuliko lawama. Muuguzi, aliyekuwa bado amesimama akingoja risiti, aligeuka upande wa jiko.

— Na wewe, shangazi? Wewe alikuhukumia nini?

Shangazi alikuwa akisuuza kikombe kilichokwisha takata. Akakisuuza tena.

— Mimi sikumuuliza kitu. Mimi nilijua hasikii.

— Ulijua? alisema Jaji.

— Siku birika lilipoanguka nyuma yako na maji ya moto yakamwagika, paka akakimbia, Profesa akaruka na wembe. Wewe uliendelea kukaza skrubu. Nikasema, kumbe. Nikafurahi.

— Ukafurahi kwa nini?

— Mchana hawa wakienda kula, tunabaki wawili. Mimi naosha vikombe, nakuambia. Nimekuambia habari za mume wangu, vile alivyoondoka na nilichomfanyia kabla hajaondoka. Nimekuambia habari za mtoto wangu niliyemzika, na neno nililomwambia siku ile asubuhi. Siwezi kumwambia mtu mwenye masikio mambo hayo. Wewe ulikuwa unaniangalia, unatikisa kichwa, unasema inategemea. Nikirudi nyumbani nalala.

Jaji aliikumbuka michana ile. Alikuwa akiuona mdomo wa Shangazi unakwenda, na mikono yake ndani ya ndoo, na siku nyingine macho yake yakiwa mekundu. Alidhani ni moshi. Alidhani anamlalamikia bei ya mkaa.

— Profesa, alisema Shangazi, wewe unajua vitu vyote vinavyokuja. Sasa mimi nitamwambia nani?

Profesa alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na mashine ya kutaja, akaifikiria, akaiacha. Kamanda alitazama barabara, upande usio na mtu.

— Niambie mimi, Jaji alisema. Mimi si nipo hapahapa.

Shangazi aliinua birika, akalitikisa, lilikuwa tupu. Akalirudisha jikoni taratibu.

— Wewe sasa unasikia.