Mama Kamusi, Aliyeishia Herufi C

Ndugu waombolezaji, mimi na marehemu tumeachiana ziwa, kwa hiyo sauti ikinikatika mnivumilie.

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Kamusi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kifungua mimba wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1967, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1974, akafundisha Kiingereza hadi alipostaafu mwaka 2008. Alifunga ndoa na mpiga chapa tarehe 12 Agosti 1978, wakasemwa weee kwa kukosa mtoto mpaka watu wakachoka, na mwaka 1988 wakajaliwa binti mmoja, baba yake akatutoka mwaka 2009.

Mwaka uliofuata dada alianza kutunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, lakini presha ya macho ikamtia giza, binti akawa ndiye macho yake, masomo ya uuguzi ng'ambo yakaahirishwa, mwaka huu, mwaka ujao. Binti alisoma, mama akafasiri, na neno halikupita mpaka binti alitolee mfano wa humu humu nyumbani, na mifano hiyo, jamani, ilituvunja mbavu, hasa iliyonisema mimi. Miaka sita wakawa bado herufi C, kwa mwendo ule Z wangeifikia wajukuu wana mvi.

Tarehe 2 Mei 2016 walifikia neno clog, binti akasoma kwamba zamani lilikuwa gogo analofungwa mnyama mguuni asitoroke, likaja kuwa kiatu cha mbao, na baadaye sana ndipo likawa kuziba kwa bomba. Mama akasubiri mfano, akasema haya mwanangu, mfano, na mtoto akaangua kilio. Dada hakuuliza kitu, aliamuru vitabu vifungwe, na mwezi haukuisha binti akasafiri, ingawa mimi niligomba kweli kweli.

Figo zilimlaza tarehe 20 Septemba 2018, akafariki juzi, tarehe 3 Oktoba, asubuhi. Alituapisha binti asiambiwe lolote kabla ya kumaliza mitihani yake ya mwisho, na tangu jana nasikia minong'ono, mtoto gani huyu haji kumzika mama yake. Hajui! Mtihani wa mwisho ni kesho, kwa hiyo mwenye namba yake, nakuomba kwa heshima zote, usimpigie leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake. Kesho jioni nitampigia mimi, na wallahi sijui nitaanzia wapi.

Nenda salama, dada, upumzike.