Mkanda wa Solomoni Aliouvaa Punda

Mgeni rasmi, umetufikia mlimani na vumbi la njia bado liko kwenye viatu vyako. Karibu, keti, maziwa yapo. Nanyi viongozi mliofuatana naye, na vijana wa zamu ya moto, tunawasalimu.

Sisi ni akina mama kumi na wanne wa Oldonyo Sambu. Moto ukishika msitu, tunawapandishia vijana maji na uji kwa punda.

TULIKOTOKA

Zamani kila mwenye nguvu alipanda na tawi lake bichi la kupigia moto, na kuchoka kwake alikujua mwenyewe. Mwaka juzi mradi wa kulinda msitu ukaleta mikanda ya kifuani. Mkanda unasoma mapigo ya moyo na joto la mwili, na Esther, msimamizi aliye kambini, anaona yote kwenye simu yake kubwa. Taa ya mkanda, na ya simu pia, ikiwaka kijani, endelea. Ikiwaka nyekundu, shuka upumzike.

MAFANIKIO

Mikanda imetusaidia, hatusemi uongo. Lesian, kijana wa zamu, alishushwa kabla hajaanguka, akalala mchana kutwa, alipoamka akala makande sahani mbili.

KILICHOTUKWAZA

Hapa tunaomba utusikilize polepole.

Utaratibu unasema anayewakiwa na nyekundu mara mbili anatolewa kikosini. Solomoni, kiongozi wa zamu, alikuwa nayo moja. Siku ya tatu ya moto wa Septemba miguu yake ilikuwa mizito, na akajua ya pili inakuja. Alipokutana nasi njiani akavua mkanda, akamfungia punda wa Nashipae, bibi yake, ambaye ndiye anayekusomea maneno haya.

Bibi akamwuliza, "We Solomoni, punda naye ameajiriwa?"

"Koko, bibi yangu, nyamaza tu. Huyu hachoki."

Tukacheka. Mgeni rasmi, kucheka kule ni kosa letu, tunalisema mbele yako.

Kule kambini Esther akaona moyo uliotulia kabisa. Akampigia simu ya upepo: "Solomoni, uko vizuri! Panda mpaka ukingo wa juu."

Akapanda. Tulimkuta amelala kifudifudi kwenye majivu, koleo bado mkononi. Tulimshusha kwa punda yule yule, na mkanda ulikuwa unawaka kijani njia nzima.

Amepona. Ila kwa kuanguka kule ameandikiwa nyekundu ya pili, na jina lake linasubiri kukatwa.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba, hata la birika la kunyweshea punda lilikuwemo. Tumebakiza hili moja. Nyekundu isiwe adhabu. Anayeshushwa ale, alale, jina lake libaki, na awepo wa kumpokea koleo. Mkanda unapima moyo. Hauna namna ya kupima aibu ya mwanaume anayeteremka wenzake wakiwa bado juu.

Solomoni yupo mstari wa nyuma. Leo ameuvaa mwenyewe, na simu ya Esther iko hapo mezani kwako. Ikiwaka nyekundu ukiwa unatujibu, tafadhali usimwambie atoke. Mwambie akae.

Mungu akushike mkono unapoteremka, na mvua ije msituni kabla ya moto.

Ni sisi,
Akina Mama Wapandisha Maji ya Kikosi cha Moto,
Oldonyo Sambu.