Makundi Mawili ya Wateja

Kwenye basi, fundi viatu aliketi nyuma ya binti aliyeanza chuo cha biashara wiki hiyo. Binti alikuwa akimwomba muuza mitumba wa kiti cha pembeni amjazie dodoso; bila majibu hayo angekosa alama zake za kwanza, na majibu yalitakiwa asubuhi hiyo.

"Mama, wateja wako umewagawa makundi gani?"

"Mawili. Wanaonunua na wanaopapasapapasa."

"Hapa kuna umri, kipato na elimu tu."

"Mwalimu wako ana vyote vitatu, na kibandani kwangu yumo kundi la pili."

Fundi akachekea puani. Miaka yote hiyo ya mwalimu darasani!

"Tafadhali, mama, chagua kimoja tu."

Basi likasimama getini pa chuo.

"Shuka, mwanangu, usije ukachelewa kufundishwa kazi yangu."