Jedwali Lisiloachana na Kichwa Chake

Benchi la mama kahawa liliegemea ukuta wa ofisi ya wahandisi. Asubuhi ile Mistari alikaa hapo, kompyuta mapajani, roho juu. Kazi yake ni kupanga ripoti ya ukaguzi wa daraja: vipimo vinaingia, kompyuta inaitoa yenyewe. Bosi ameirudisha tena, maana kichwa cha habari kinabaki chini ya ukurasa na jedwali lake linaanzia ukurasa wa pili. Ikirudi na leo, kazi anapewa mwingine. Pembeni yake walikuwepo Sindano, fundi cherehani, na mzee Breki, dereva mstaafu. Walishamaliza kikombe cha kwanza, kwa hiyo walikuwa wataalamu.

— Sasa unakatishaje ukurasa? akauliza Sindano.

— Naweka mistari mitupu mpaka kichwa kishuke. Vipimo vikiongezeka tu, kila kitu kinahama.

— Haba na haba hujaza kibaba, Breki akamfariji.

— Mzee, hapo methali haiingii! akasema Mistari.

— Inaingia, imekaa vibaya tu.

— Mimi ningevishona, kichwa na jedwali, uzi mara mbili, akasema Sindano.

— Wewe unashona kompyuta? Breki akadakia. Dawa ni kufuta kurasa! Ripoti iwe karatasi moja, ndefu kama barabara.

— Ataikunjulia wapi huyo bosi?

— Darajani! Si ndiko kuna nafasi?

Mistari akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kicheko kikamrudishia akili. Akaifuta mistari yote mitupu, akatafuta kwenye mipangilio, akaiamuru kompyuta kila kichwa kifuatane na jedwali lake. Akaitoa ripoti upya. Kurasa zikakaa, hakuna kilichokatika. Alifurahi, jamani, alifurahi!

— Mkamia maji hayanywi! Breki akashangilia, na safari hii hakuna aliyemsahihisha.

Lori la matofali likasimama. Dereva akashuka kuagiza kahawa, akasikia wakishangilia ripoti ya daraja.

— Hiyo ndiyo ripoti ya daraja la hapo mbele?

— Ndiyo, kaka! akajibu Mistari. Tazama kurasa zilivyotulia.

— Safi sana. Sasa, na mzigo huu, napita?

Breki akamtazama Sindano. Sindano akamtazama Mistari. Mistari alijua kila jedwali linaanzia wapi. Linasema nini, hajui.

— Zima gari, kaka, akasema. Mama, mpe kahawa, mimi nalipa. Ngoja niisome.