Umeme wa Nyumba ya Mwanangu

Asalaam aleikum, na ninyi wa dini nyingine nawasalimu kwa heshima ileile. Nitasema nimekaa, magoti hayaniruhusu. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nieleze jinsi mimi na mume wangu tulivyoanza maisha upya uzeeni. Nitaeleza, ila majina sitayataja. Aliyetutenda nimemzaa mimi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi kule Saadani, mimi nilikuwa nikikausha samaki. Sukari ilipomshika, ikala kidole, kisha mguu, halafu ikaanza kumla macho. Mtoto wetu wa kiume akaja kutuchukua tukae kwake, hapa Kerege. Alimbeba baba yake mgongoni hadi kwenye gari. Nawaambieni hilo ili msidhani alizaliwa na roho mbaya. Na nyumba hiyo, waya wake wa umeme ulitandazwa kwa pesa ya mtumbwi wa mwisho aliouchonga mume wangu.

Mwanzoni tulikula sinia moja. Kisha mkewe akanunua friji kubwa, akawa anagandisha barafu za ukwaju za kuuza, na luku, umeme wa kununua kabla ya kutumia, ikawa inaisha upesi. Sisi kwenye friji ile tuliweka kitu kimoja tu, dawa ya sindano ya mume wangu. Siku moja mwanangu akatuita sebuleni.

"Baba, mama, kuanzia sasa kila chumba kichangie umeme sawasawa. Na friji iwe juu yenu, maana haizimwi kwa ajili ya dawa."

Nikamuuliza, "Na barafu je?"

"Barafu ni biashara, mama. Ndiyo inayotulisha."

Mume wangu akanigusa mkono ninyamaze.

Nikaanza kukaanga kachori, naziuza barabarani pale magari ya Bagamoyo yanaposimama. Tukachangia. Ndugu zangu, nawaambia kweli, kuchangia siyo tatizo. Mzee naye anapenda kusema hiki nimetoa mimi. Kinachouma ni kuchangishwa kwa usichotumia, halafu ukaitwa mzigo. Chumbani mwetu mlikuwa na taa na redio. Televisheni, pasi, feni, pampu ya maji, vyote vilikuwa vyao.

Kisha nikaugua malaria, nikashindwa kutoka. Zamu yetu ya kununua umeme ikapita. Mwanangu akaingia chumbani, akapanda kwenye kiti, akaanza kuifungua balbu. Baba yake akasikia, akauliza, "Unaibadilisha?"

"Macho yenyewe huoni, baba. Unamuwashia nani?"

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Alishuka na balbu yake akaenda zake.

Mume wangu sura hakuziona tena, lakini mwanga aliuona, na kivuli changu kikipita alijua niko wapi. Tangu siku ile, giza likiingia alikuwa akiniita, "Mke wangu, upo?" Nami niko ubavuni pake.

Nilipopata nafuu nikaenda jikoni kumchukulia dawa, sikuiona. Ilikuwa dirishani, ndani ya mfuko wa plastiki, jua linaipiga. Mkwe wangu alikuwa anapanga barafu kwenye friji. Hakuniangalia. "Mwenye nyumba amesema asiyechangia asiweke kitu," akasema.

Nikamwendea mwanangu, nikampigia magoti. Alikuwa anakula. "Changieni kwanza, mama," akanijibu, akaendelea kula.

Dawa nyingine hatukuwa nayo. Tukachoma hiyohiyo. Haikufanya kazi. Mume wangu akaanza kuropoka, akidhani yuko Saadani, ananiagiza shoka lake. Jirani yetu mmoja, mwanamke mjane, aliposikia kilio changu akaita bajaji, tukamkimbiza hospitali. Mwanangu akatufuata kwa pikipiki.

Mgonjwa alipozinduka, muuguzi akamuuliza, "Babu, dawa yako ulikuwa unaiweka wapi?"

Mwanangu alikuwa amesimama karibu na kitanda. Mume wangu akageuza uso upande ule, akasema, "Nilijisahau mwenyewe, binti yangu. Niliiacha dirishani."

Muuguzi akamkemea. Na mwanangu, huyo niliyemnyonyesha, akatikisa kichwa akasema, "Wazee hawa hawasikii, dada. Tunahangaika nao tu."

Hapo nikachoka. Nikamwambia muuguzi, "Mgonjwa anakudanganya, anamficha mwanawe. Dawa ilitolewa kwenye friji kwa sababu niliugua nikashindwa kuchangia umeme."

Mwanangu akasema, "Mama, unaniaibisha mbele za watu."

"Kwako haturudi," nikamjibu.

Mume wangu alilia, akinisihi nisiseme tena. Nikasema tena, safari hii mbele ya afisa ustawi wa jamii aliyeitwa na muuguzi.

Yule jirani akatupa chumba chake cha uani. Muuguzi alitufundisha kuhifadhi dawa bila friji: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kikae kivulini. Nilipomuuliza jirani kuhusu umeme, alisema, "Bibi, wewe una taa na redio. Mimi nina friji, pasi na watoto wasiozima kitu. Nitanunua mimi, nawe utaongezea kidogo kadiri unavyotumia. Ukiugua, tutazungumza." Tulipatana palepale mlangoni, na mtu ambaye si damu yangu.

Mume wangu aliishi chumbani humo hadi baada ya mfungo, akafia kitandani pake. Mwanangu alikuja mazikoni, akalia kuliko wote. Baada ya arobaini akaniambia, "Mama, rudi nyumbani. Umeme hutachangia tena."

Nikamwambia, "Nachangia kwangu."

Siku hizi huja Ijumaa, anakaa kizingitini. Ananipa shikamoo, namwitikia marahaba. Mtaniuliza kama nimemsamehe. Bado, na sitaki kudanganya mbele yenu.

Namshukuru yule mjane, namshukuru muuguzi, nakishukuru kikundi hiki kilichoninunulia karai kubwa, kachori zangu zikanisimamisha tena.

Ninyi mnaoishi na wazazi, tazameni nani anatumia nini, mkae na mzee mpatane kabla hamjaamua. Na siku hana kitu, taa yake na dawa yake visiguswe. Ninyi wazee wenzangu, msiwafiche watoto wanaowatesa. Mume wangu alimficha wetu hadi alipoingia kaburini. Yeye alikufa na uchungu wake, na mtoto amebaki na kosa lake, baba wa kumwomba radhi hayupo tena.