Waya Mnene wa Transfoma ya Kabiria

Mimi Nzisa, kifungua mimba wa marehemu, ndiye niliyepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya baba, na mkiona ninasoma haraka mnisamehe, si huzuni peke yake, ninaogopa.

Baba yetu, Makau Muthama, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 huko Kangundo, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1978, kisha akaja Nairobi kusomea umeme. Mwaka wa 1983 aliajiriwa na karakana moja ya kukarabati transfoma, akakaa huko miaka ishirini na sita, halafu akawa fundi wa stima katika nyumba za Lavington na Kitisuru hadi miguu ilipochoka. Alimuoa mama yetu, Phoebe, tarehe 10 Desemba 1988, wakajaliwa mimi mwaka wa 1990 na ndugu yangu Muema mwaka wa 1994, mwaka uleule tuliohamia hapa Kabiria.

Wengine walifundishwa nyimbo na baba zao, sisi tulifundishwa kibao cha ile transfoma ya kwenye kona, kilichoandikwa 200 kVA, akituambia kwamba hicho ndicho kipimo cha mzigo inaoweza kubeba bila kuungua, na kwamba fundi mwenye akili huishia mia moja sitini, aache nafasi. Tulipohamia ilihudumia nyumba thelathini za mabati. Leo ni maghorofa kila upande, na shawa moja ya umeme hula karibu kilowati tano, kwa hiyo shawa arobaini zikifunguliwa pamoja asubuhi transfoma imeshiba kabla mtu hajachemsha chai, na bado kuna mashine ya unga na fundi wa kuchomelea.

Sehemu inayofuata baba mdogo Kitavi aliniomba niiruke, na ninamheshimu, lakini baba mwenyewe aliniagiza niisome. Tarehe 24 Desemba 2022 fyuzi ya transfoma ilikatika mara ya tatu wiki hiyo, na fyuzi kazi yake ni kukatika mzigo ukizidi, ili transfoma isiungue. Majirani walikuja hapa na nyama zao za Krismasi zikiharibika, wakiongozwa na mzee Gerishon mwenye ghorofa, wakamsihi baba, naye akapanda akafunga waya mnene mahali pa fyuzi. Stima haikukatika tena, tukampigia makofi, na tangu siku hiyo hakuna kitu cha kuizuia transfoma hiyo kuungua.

Chini yake ndipo mama Wahu analea watoto wadogo ishirini na wawili katika shule yake ya chekechea. Kila asubuhi baba alisimama langoni kwake akisikiliza mngurumo wa transfoma na kutazama mafuta yake yanayovuja, sisi tukidhani anapenda watoto. Aliandika barua ya kuripoti kwa kampuni ya umeme mara nne akazichana, kwa kuogopa jela na kuogopa nyinyi. Alipotaka kuutoa waya mwenyewe, Julai 2024, moyo ulikuwa umeshaanza kumsumbua na hakuweza kupanda, akalazwa Januari, akafariki tarehe 3 Februari 2025, akiniuliza kama leo shule ya mama Wahu imefunguliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake waliokuja kutoka mbali, na nyinyi majirani mliotulisha wiki mbili hizi. Barua ya tano niliipeleka juzi Alhamisi, ina jina la baba na langu, na watu wa kampuni ya umeme hawajafika, kwa hiyo ninawaomba mzime shawa na mashine, na mama Wahu asifungue Jumatatu.

Maneno haya ya mwisho ninayasoma bila maiki, kwa kuwa nimemwambia Muema azime spika tulizoziunga kwenye transfoma hiyohiyo. Pumzika sasa kwa amani, baba, kusimama langoni ni zamu yetu.